Radi ya Betri ya Pikipiki

Kijiwe cha Mwasiti kiko Ujiji, pale barabara ya vumbi inapoiacha ile ya lami na kuteremka ziwani. Benchi lenyewe ni ubavu wa mtumbwi uliochoka kuvua, umelazwa juu ya matofali, na anayekaa upande wa kushoto sharti ajue kuna msumari. Birika Mwasiti alilirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na jiko, vikombe na wateja. Alipotoka eda wanaume walikuja kumwambia kwamba kumimina kahawa si kazi ya mwanamke. Wakakaa ili waliseme jambo hilo vizuri, wakanywa, na mpaka leo hawajainuka. Wa kudumu ni watatu. Kuna Abdulatif, ambaye mtaa unamwita Redio Mbao kwa sababu habari huzipata kabla hazijatokea. Kuna Erasto, aitwaye Meli, aliyewahi kupakia mizigo melini, na tangu hapo hakuna jambo duniani ambalo hakulikuta bandari ya ng'ambo. Na kuna Martini, aitwaye Sheria. Aliitwa mahakamani kuwa shahidi mara moja tu, akarudi akiongea kama hakimu.

Alasiri hiyo mawingu yalikuwa yamejilaza juu ya milima ya Kongo, na ziwa limegeuka rangi ya sufuria. Redio Mbao alifika anatembea upesi, jambo ambalo Mwasiti hakulipenda. Mtu mwenye habari njema hutembea taratibu ili aonekane.

— Castory kaipata, alisema kabla hajakaa.

— Kapata nini? aliuliza Meli.

— Flaibaki.

Hakuna aliyejua flaibaki ni nini, kwa hiyo wote walitikisa kichwa kama wanaojua. Redio Mbao akaeleza, kwa kirefu na kwa mikono. Castory, fundi redio mwenye kibanda cha mabati pale chini, alikuwa akizunguka mitaani kuulizia televisheni za chogo, zile nene za zamani ambazo siku hizi watu wanazitumia kuwekea ndoo. Hataki kioo, hataki spika. Anafungua mgongo, anang'oa kidude kimoja cheusi chenye mkia mnene mwekundu, kinachopeleka umeme mkali kwenye kioo. Hicho ndicho flaibaki. Leo mchana Redio Mbao alikuwa akipita, tena kwa bahati tu, jicho lake likaangukia kwenye tundu la bati.

— Nikaona moto wa bluu. Unaruka hewani, hauna kuni, hauna gesi. Na harufu, ndugu zangu, ni ile ile inayobaki radi ikishapiga mti.

Mwasiti alikuwa ameinamia jiko. Hakuinua kichwa, ila aliacha kupepea.

Meli alisema hilo ni jambo dogo, yeye aliliona ng'ambo. Ni mashine ya kuita dagaa. Unaizamisha chini ya mtumbwi, dagaa wanadhani mbalamwezi imezaliwa majini, wanakuja wenyewe na mama zao. Sheria alikataa. Alisema dagaa ni mali ya umma, na mtu hawezi kuita mali ya umma bila tangazo. Kwa maoni yake Castory anatengeneza mnara wake wa simu apige bure. Redio Mbao aliwaacha wamalize, akanywa funda moja, akashusha sauti.

— Anatengeneza radi.

Kwa mtu wa kwingine lingekuwa neno la kuchekesha. Kigoma hapa radi si hali ya hewa peke yake. Ina watu wanaosemekana wanaituma, na watu wanaosemekana wametumiwa, na ikimpiga ng'ombe watu huuliza kwanza mwenye ng'ombe aligombana na nani.

— Si mnajua mwanawe alivyokufa, aliendelea Redio Mbao. Sasa baba mtu anairudisha ilikotoka. Ameshaijaribu kwa jogoo wa mama Bonaventura. Jogoo hajawika tangu juzi.

— Yule jogoo kaliwa Jumapili, alisema Meli.

— Ndiyo maana hawiki.

Sheria akauliza, kwa utaratibu, ni nani hasa anayerudishiwa. Redio Mbao akatazama kikombe chake. Meli akatazama ziwa. Sheria mwenyewe akagundua ameuliza swali ambalo jibu lake limeshika birika.

— Mtu fulani, alisema Redio Mbao.

Mwasiti akaja na birika.

— Huyo mtu fulani anauliza kama mnaongeza kahawa, alisema.

Wote watatu wakanyoosha vikombe kama watoto wa chekechea. Akawamiminia bila kumwaga tone.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwasiti na Melania, mke wa Castory, walikuwa na chanja moja la kuanikia dagaa ufukweni kule Katonga. Mmoja mwenyeji wa Ujiji tangu mababu, mwingine Muha wa Kasulu aliyeshuka na ndoa. Mmoja akifuturu mwingine anakoroga uji, mmoja akienda kanisani mwingine anamlindia dagaa na kunguru. Mwanamke asiye na dada hutafuta wa kuazima, na wao waliazimana. Kisha siku moja mvua ikanyesha, turubai likachelewa, na Mwasiti ndiye aliyekuwa zamu. Dagaa wakaoza. Melania akasema sana, mbele ya watu, na ulimi wake haukuwa mfupi. Mwasiti naye, hasira zimemkaba, akasema neno moja tu.

— Utaona.

Alikuwa na maana kwamba utaona kesho nani atakuja kukusaidia. Na kesho yake angekuja yeye mwenyewe, kama kawaida, amenuna na amebeba chumvi. Lakini kabla ya kesho kufika, radi ilipiga ziwani, ikamchukua Samson, mtoto pekee wa Melania, akiwa mtumbwini.

Mwasiti alikwenda msibani mbio, kichwa wazi. Alichota maji ya kunywa, akaleta ndoo mlangoni. Mwanamke mmoja akaipokea kwa adabu kabisa, akaenda nayo nyuma ya nyumba, na Mwasiti akasikia maji yakimwagwa. Ndipo alipoelewa neno lake lilikuwa limefika msibani kabla yake. Melania hakumtuhumu, hakumtukana. Alianza tu kupita ng'ambo ya barabara. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena, na bado akawa anapita ng'ambo.

Mwasiti naye hakuwa mtu wa kulialia. Chanja aliliacha. Ila kati ya vikombe vyake kimoja kina ua la bluu na ufa mdogo mdomoni, na hicho alikuwa akinywea Melania. Kila asubuhi anakiosha, anakipangusa, anakifunika. Meli aliwahi kukichukua kwa bahati mbaya, akapigwa kofi la mkononi ambalo mpaka leo analikumbuka.

Sasa anaambiwa mume wa Melania anamtengenezea radi. Mwasiti hakuamini kwamba radi inatengenezwa. Alichoogopa ni kwamba Castory anaweza kutaka kuitengeneza. Alipepea moto ambao haukuhitaji kupepewa, akawaza kama amwage kahawa, afunge, aende kwa mwanawe anayeishi mtaa wa Mwanga, asirudi. Wanaume watatu hawa, akikosekana, wangehamia kijiwe kingine kabla vikombe havijakauka.

Ndipo Castory mwenyewe akatokea, anapanda kutoka kibandani na karai kichwani kama mwanamke atokaye sokoni. Ni mtu mwembamba, mwenye alama za kuungua vidoleni, asiyesema sana. Redio Mbao akasogea mwisho wa benchi, akaukalia ule msumari, akavumilia.

— Habari za saa hizi, shemeji, alisema Castory.

Alikuwa anamwambia Mwasiti. Neno hilo hakulitumia tangu msiba. Mwasiti alijibu nzuri, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyopanga.

— Naomba benchi lako. Maneno yalizaliwa hapa, nataka yaje yaangalie.

Wakainuka wote watatu bila kuombwa. Castory akapanga vitu vyake kwenye ubao. Betri ya pikipiki. Transista ya chuma imefungwa kwenye kipande kinene cha bati la kuipoza. Hiyo flaibaki, ambayo chuma chake cheusi alikuwa amekivisha waya wa shaba kwa mkono, mizunguko michache ya waya mnene na mingine ya waya mwembamba. Swichi ya kengele ya mlango, ambayo ukibonyeza inawasha, ukiachia inazima. Na mwisho, kipande cha mbao chenye misumari imesimama, mmoja mrefu na mingine mifupi, yote imeunganishwa kwa waya mmoja chini. Juu ya misumari akauning'iniza ule mkia mwekundu kwa kijiti kikavu. Akawaambia wakae mbali, asiguse mtu chochote hata kwa utani, maana hiki kitu hakitanii. Mkono mmoja akautia mfukoni. Mafundi hufanya hivyo ili umeme usipate njia ya kupitia moyoni.

Akabonyeza. Hakikutokea kitu.

— Radi imegoma, alisema Redio Mbao, akiwa amepata nguvu.

Castory hakumjibu. Akaichomoa betri, akainama, akachungulia. Akasema amepishanisha ncha. Ule mzunguko mwembamba ndio unaoiambia transista washa, zima, washa, zima, haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Ukiufunga kinyume, mmoja anavuta mwenzake anazuia, hakuna kinachotoka. Mwasiti alilielewa hilo vizuri sana, kuliko wanaume wote pale. Castory akabadilisha ncha mbili za waya, akarudisha betri, akarudisha mkono mfukoni, akabonyeza.

Kidude kikalia kwa sauti nyembamba kama mbu wengi. Halafu uzi wa bluu uliochanganyika na zambarau ukashuka kutoka kwenye mkia mwekundu ukakamata kichwa cha msumari mrefu, ukawa unachezacheza pale na kuchachatika kama dagaa wanaotumbukia kwenye mafuta ya moto. Harufu ikaja, ile ile. Meli alirudi nyuma hatua kadhaa na kusema hii ng'ambo hakuiona.

Castory akaachia. Uzi ukakatika.

— Haya, alisema. Radi hii hapa. Itumeni.

— Tuitume vipi? aliuliza Sheria.

— Mnavyosema inatumwa. Iambieni ipige msumari ule mfupi wa pembeni.

Wakatazamana. Sheria ndiye aliyeanza, maana alipenda kuanza. Alikohoa, akaitaka radi rasmi, mbele ya mashahidi waliopo, ipige msumari mfupi wa pembeni na si mwingine. Castory akabonyeza. Ikapiga msumari mrefu. Meli akasema radi haijui Kiswahili. Akanong'ona kitu alichodai alifundishwa ng'ambo na mzee wa Uvira. Ikapiga mrefu. Redio Mbao aliupa msumari mfupi jina la jirani yake anayefungulia spika alfajiri, akaiomba radi kwa moyo wake wote, na kila mtu aliona kwamba anaomba kweli. Ikapiga mrefu, pale pale.

Mwasiti alikuwa amesimama na kipepeo cha jiko mkononi. Yeye peke yake alikuwa ametazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na akaona Melania amesimama pale, khanga ameikaza kifuani, anatazama.

Sheria hakukubali kushindwa.

— Lakini fundi, hata hii ina mtu nyuma yake. Wewe ndiye uliyebonyeza.

— Nimebonyeza, alisema Castory. Kuchagua sikuweza.

Akautazama ule msumari mrefu.

— Samson alikuwa amesimama, alisema. Wenzake walikuwa wamejilaza chini ya turubai. Taa ya kuvulia dagaa ilikuwa imelegea, yeye akasimama kufunga nguzo yake, bomba la chuma. Ziwa lote lile, mwenye kimo alikuwa yeye.

Redio Mbao alikuwa ametoka kwenye msumari wake zamani lakini bado alikuwa na uso wa mtu aliyeukalia.

Melania akavuka barabara. Hakuvuka kwa haraka. Alisubiri bajaji ipite, akaangalia huku na huku, kama mtu anayevuka kwenda dukani. Akafika penye benchi.

— Mwidiwe, alisema, salamu ya jioni ya kwao.

Wakaitikia kila mtu na lugha yake. Mwasiti aliitikia pia, ila hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe.

Melania alimwomba mumewe swichi. Castory akampa, akamwonyesha pa kusimama, akamwambia mkono wa pili auweke nyuma. Akabonyeza. Uzi ukashuka ukakamata msumari mrefu. Akaachia. Akabonyeza tena, akaachia tena. Wanaume wakasubiri alie, maana walikuwa wamejiandaa kwa kilio. Hakulia.

— Huu mrefu, ulaze, alisema.

Castory akachomoa betri, akachukua koleo, akaupinda ule msumari mpaka ukalala juu ya ubao. Akarudisha betri. Melania akabonyeza, na ule uzi ukatangatanga kidogo, kisha ukakamata msumari mwingine, mmoja wa ile mifupi, ambao mpaka hapo haukuwa na habari.

— Kwa hiyo angekuwa amekaa, ingempata mwingine.

— Ingempata mwingine, alisema Castory.

— Mtoto wa mtu.

— Mtoto wa mtu.

Melania akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei ambayo haikumpendeza. Akaiweka swichi juu ya benchi kwa uangalifu. Halafu akawageukia wale watatu. Hakupandisha sauti. Alikuwa na uso wa mtu anayeulizia njia.

— Nani alianza kusema ni Mwasiti?

Redio Mbao akasema yeye alisikia tu, na aliyemwambia ni Meli. Meli akaapa kwamba yeye hakuanza. Alimsikia Sheria akilitaja hapa hapa, siku ya mazishi. Sheria akasema yeye hutaja tu yaliyokwisha kusemwa, na hili alilipata kwa Redio Mbao, kama anavyopata kila kitu. Redio Mbao akafungua mdomo aendelee mbele, akagundua kwamba mbele yake ni Meli tena. Akaufunga.

— Mimi nimeuliza nani alianza, alisema Melania.

Mawingu ya Kongo yalikuwa yameshaanza kuvuka ziwa. Sheria aliangalia viatu vyake. Meli aliangalia vya Sheria. Upepo ukageuza majivu ya jiko, na swali likabaki pale kwenye benchi, katikati ya betri na misumari, hakuna wa kulichukua. Melania akawaacha, akakaa kwenye benchi, upande wa kulia, mahali pake pa zamani.

Mwasiti hakusema karibu. Alifunua kile kikombe chenye ua la bluu, akakipangusa ingawa kilikuwa kisafi, akainamisha birika. Likatoa tone, likatoa hewa. Wanaume walikuwa wamekunywa yote kwa uoga.

— Imekwisha, alisema. Yamebaki machicha.

— Mimina hayo hayo.

— Machungu.

— Mwasiti, nimekwambia mimina.

Akamimina. Yalitoka mazito na meusi, nusu kikombe, na Melania akakipokea kwa mikono miwili. Akaupitisha mdomo pembeni ya ule ufa bila kuutazama, kwa mazoea. Wakati huo huo ngurumo ikasikika huko ziwani, ndefu, ya kubingirika. Melania akashtuka; kikombe kikamtetemeka mkononi. Castory, aliyekuwa amechuchumaa kando ya karai lake, alifanya kama anataka kusimama, kisha akaacha, akaendelea kukunja waya zake, kwa sababu Mwasiti alikuwa ameshakaa pale na kuweka kiganja chake chini ya kikombe, kimetulia kama kisahani.

— Taratibu, Mama Samson, alisema.

Jina hilo mtaa mzima ulikuwa umeliacha. Wote walimwita Melania, kwa huruma, kana kwamba kutomtaja mtoto kungefanya asiwe amekufa. Melania alilisikia. Akafumba macho, akayafumbua, akanywa funda la pili.

— Ukiimwagia khanga yangu, alisema Mwasiti, utaifua wewe, kwa sabuni yako.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudunda juu ya mabati. Castory akafunika karai lake. Wale watatu walisimama pembeni kama watu waliosahau walikuja kufanya nini. Melania alitazama ndani ya kikombe, kwenye machicha, halafu akamtazama Mwasiti kwa jicho la zamani, lile la siku za Katonga, la kutafuta ugomvi mdogo.

— Utaona, alisema.